Sura ya Saba: Kifutio cha Themanini na Tano

Kufikia saa nne asubuhi, wazazi thelathini na mmoja walikuwa wameshaitazama picha ile kwenye simu zao, na wote thelathini na mmoja waliona kitu kimoja: geti limefungwa. Baada yao akaitazama Inspekta. Yeye ndiye wa kwanza aliyetazama kivuli.

Wenzake ofisini walimwita Bi Ngoja, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Umwambie mtuhumiwa amekiri, atakujibu, "Ngoja kwanza." Umwambie chai imeiva, ngoja kwanza. Hata mumewe alipomposa, walisema watani, alingojeshwa kwanza.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Juzi alasiri, mtoto wa kike wa miaka mitatu alitoka chekechea peke yake, akavuka barabara ya magari, akakutwa baada ya saa nzima kwenye kibanda cha fundi viatu, amekaa kwenye kigoda anakoroga kopo la maji kwa kijiko. Hakuwa na hata mkwaruzo. Nyumbani walimwita Kijiko, maana alikuwa hakubali kwenda popote bila kijiko chake cha plastiki cha bluu. Mama yake alipomwona alilia, akacheka, akalia tena.

Kwa hiyo mtoto alikuwa salama. Aliyekuwa hatarini sasa ni Mlezi wake.

Mwenye chekechea, ambaye wote walimwita Madamu, alikuwa ametuma picha kwenye kundi la wazazi jana jioni. Ilipigwa juzi saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya picha za watoto, na nyuma ya watoto geti lilionekana limefungwa kwa kufuli. Dakika chache baadaye Kijiko hayupo na geti liko wazi. Ufunguo alikuwa nao Mlezi. Nani tena kafungua? Leo saa tisa kulikuwa na kikao cha wazazi, na baada ya kikao Mlezi angefukuzwa kazi na kufunguliwa jalada. Miaka kumi na moja ya kulea watoto wa watu ingeishia hapo, na hakuna chekechea nyingine ambayo ingempokea. Tayari picha yake ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu asiowajua, na chini yake maneno: Jihadharini na huyu.

"Mimi namwonea huruma," alisema Madamu, akimkaribisha Inspekta ofisini. "Lakini picha haisemi uongo, Afande."

Ofisi ilikuwa nadhifu. Meza, kabati la mafaili, na nyuma ya mlango msumari mmoja uliotundikwa mwavuli na kitambaa cha kichwa, chekundu chenye madoa meupe.

"Geti lina funguo ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Mbili. Wa akiba ulipotea tangu mwaka jana."

"Na wewe saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, nimekaa, simu sikioni. Nilisikia kelele ndipo nikatoka."

"Hukutoka kabisa kabla ya hapo?"

"Ningetoka ningeonekana kwenye picha, si ndiyo?" Madamu alicheka kidogo.

Inspekta aliandika neno kwa neno, akampa asome na kutia sahihi. Madamu alisaini haraka, kama mtu anayesaini kupokea mzigo.

Mlezi alikuwa stoo, anakunja magodoro madogo ambayo hayakuhitaji kukunjwa, maana leo watoto hawakuja. Mwanamke mnene, mpole, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Dada, niambie ulivyokuwa."

"Nimeshasema mara sita, Afande. Mara ya saba nitaanza kujichanganya, mtasema ninadanganya."

"Mimi husikiliza polepole. Sema tu."

"Fundi wa picha alitupanga pale ukutani, tumeligeuzia geti kisogo. Nikaona kamba ya kiatu ya Kijiko imefunguka. Nikapiga magoti, nikamfunga. Fundi akasema tayari, akapiga. Nikainuka kumfuta mwenzake kamasi, maana pua ile ingeharibu picha ya pili. Nageuka, Kijiko hayupo. Nakimbilia geti, nakuta limeegemezwa tu. Huu ufunguo haukutoka shingoni, wallahi. Hata nikioga ninao."

"Nani alifungua?"

Mlezi alitikisa kichwa. "Ningejua ningelala jana."

Inspekta alimshukuru, akaenda getini na simu yake. Kufuli lilikuwa upande wa ndani, kubwa, la shaba, linaning'inia kwenye komeo. Jua la saa nne lililipiga, na kivuli chake kililala juu ya rangi ya kijani ya geti, upande wa kushoto, kimekaa kama jani. Akainua simu, akaitazama picha ya Madamu. Kufuli lilelile, na kivuli kilekile, kushoto, kama jani.

Mwanzo alidhani Madamu amedanganya saa tu, kwamba picha ilipigwa asubuhi. Akakaribia kuliandika hilo. Halafu akajiambia neno lake la siku zote, akaivuta picha hadi miguuni kwa watoto. Vivuli vya watoto vilikuwa virefu, na vyote vililala kulia.

Watoto walisimama kwenye jua la alasiri. Kufuli lilining'inia kwenye jua la asubuhi. Picha moja, majua mawili.

Alirudi ofisini kwake, akaichapa picha kwenye karatasi kubwa, akachukua mkasi na kukata kona ya geti peke yake. Watoto, ukuta, Mlezi aliyepiga magoti, vyote akaviacha kwenye droo. Shahidi akioneshwa kitu kizima hujibu kizima. Ukimpa kipande, hujibu alichokiona.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka, kioo cha kuchania nywele, na kompyuta iliyofunikwa na taulo upande mmoja ili isipigwe na mwanga. Yule fundi wa picha alikuwa na kitambi cha furaha na miwani aliyoipandisha kipajini.

"Karibu dada! Pasipoti? Kaa hapo, kidevu juu, masikio yote mawili nayataka."

"Natoka polisi. Lakini sijaja kukukamata, nimekuja kufundishwa."

"Haa! Hiyo mpya." Akamsogezea kiti. "Ufundishwe nini?"

"Nikitaka kumtoa mtu kwenye picha, nafanyaje?"

"Inategemea unamtoa kwa upendo au kwa hasira. Wiki iliyopita nimetoa mabwana wawili na wifi mmoja. Wifi alikuwa mgumu, alikuwa amemkumbatia bibi harusi."

Inspekta alicheka, na Fundi, aliyependa kuchekewa, akafungua picha yake mwenyewe kwenye kompyuta ili aifanyie mfano. Akashika mausi, akabonyeza alama ya kifutio.

"Watu wengi wakifika hapa wanaanza kusugua kama wanafuta ubao wa darasani. Wanaharibu. Kwanza tazama huku juu. Hiki ni ukubwa. Kikiwa kikubwa unafuta kichwa kizima kwa mpigo mmoja, kikiwa kidogo unafuta kope. Hapa pembeni ni ukingo. Ukiuweka mgumu, unakata kama wembe, mtu yeyote ataona pamekatwa. Ukiulainisha, mpaka unayeyuka, jicho linapita tu bila kusimama."

"Na hii namba?"

"Hiyo ndiyo nguvu. Ukiweka mia kwa mia, ulichopita juu yake kimekwenda. Ukiweka hamsini, nusu kinakwenda, nusu kinabaki kama moshi. Unapita tena, kinapungua tena."

Alipitisha kifutio cha hamsini juu ya kitambi chake pale kwenye picha. Kitambi kikawa cha ukungu.

"Laiti ingekuwa rahisi hivyo," alisema Inspekta.

"Mke wangu ndivyo anavyosema!"

"Na ukishamfuta mtu, mahali pake panabaki nini?"

Fundi alimgeukia kwa heshima mpya. "Swali zuri. Wengi hawaulizi, ndiyo maana picha zao zina matundu meupe. Lazima kwanza ulaze picha nyingine chini. Fikiria kitanda, shuka la chini na shuka la juu. Kifutio kinatoboa la juu tu, na penye tundu la chini linachungulia. Ukilipanga vizuri, unatoa mtu aliyesimama mbele ya mlango, na mlango uliopigwa siku nyingine unajaza nafasi."

"Mlango uliopigwa siku nyingine," alirudia Inspekta, akiandika. "Au geti."

"Au geti."

Akatoa kile kipande cha karatasi, akakiweka mezani. "Niambie unachokiona hapa."

Fundi alishusha miwani, akakiinamia, akaguna. "Ninayo kamera ya kuingiza karatasi, subiri." Akakipiga picha, kikatokea kikubwa kwenye kompyuta. Akaanza kuila kazi ya mwenzake kwa macho.

"Amefuta," alisema mwishoni. "Na si mtoto mdogo wa simu, huyu anajua kulaza shuka la chini. Ukingo ameulainisha vizuri, hongera zake. Lakini ona hapa, ona michirizi. Unaiona? Alipopita mara mbili pamekuwa safi, alipopita mara moja pamebaki mvuke. Amefuta kama mtu anayepiga deki huku anawaza chakula. Hakuweka mia!"

"Huo mvuke, unaweza kuonekana zaidi?"

"Kitu chochote kilichobaki kinaonekana."

Akavuta kitufe cha mwanga, mwanga ukapungua, akavuta cha giza, giza likaongezeka. Geti la kijani likaingia weusi. Na juu ya weusi ule, kwa michirizi, mtu akaanza kurudi. Kwanza kiwiko, kimepinda, mkono umepandishwa sikioni. Halafu mkono wa pili umeshika ukingo wa geti, na geti lenyewe liko wazi kiasi cha mtu kupita. Halafu kichwa, kimefungwa kitambaa.

"Mwanamke," alisema Fundi. "Ana kitambaa cha..."

"Madoa meupe," alimalizia Inspekta.

"Unamjua?"

"Ngoja kwanza. Hiyo nguvu ya kifutio ilikuwa ngapi?"

"Hilo tunapima." Alikuwa ameshachangamka kama mtu anayecheza bao. Alifuta kwenye picha yake kwa sabini, akaweka mvuke wake kando ya ule mwingine. Mzito mno. Akaweka tisini. Mwepesi mno. "Themanini na tano," alisema. "Pale pale."

"Nani anatumia themanini na tano?"

"Huyo ni mtu wa pasipoti!" Fundi alipiga goti. "Sikiliza, nikufundishe siri ya kazi. Ukisafisha nyuma ya kichwa cha mteja kwa mia, anaonekana amekatwa kwa mkasi akabandikwa ukutani. Themanini na tano inabakiza kivuli kidogo cha nywele, mtu anabaki mtu. Sasa huyu alitoka kwenye pasipoti akaingia kwenye kazi hii bila kubadilisha namba. Kifutio hakikuulizi, dada. Ulivyokiacha jana ndivyo utakavyokikuta leo. Na kila fundi ana namba yake. Yule wa karibu na stendi anatumia sabini, ndiyo maana wateja wake wote wana masikio ya kijivu. Themanini na tano hapa mjini ni..."

Mdomo ulibaki wazi, mkono hewani. Macho yake yalitoka kwenye kipande cha geti, yakapanda taratibu hadi juu ya kompyuta yake mwenyewe, penye namba ya kifutio. Themanini na tano ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi, inamtazama.

"Afande," alisema kwa sauti nyingine kabisa, "mimi ni mjinga."

"Hapana. Wewe ni shahidi wangu mzuri kuliko wote wa mwaka huu. Nani alileta kazi hii?"

Fundi hakujitetea. Alifungua sanduku la bahasha. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mteja mwenyewe aandike juu ya bahasha anachotaka, kwa mkono wake, kwa sababu aliwahi kugombana na bwana harusi aliyesema hakuomba kupunguzwa pua. Akaitafuta ya jana, akaisoma kwa sauti inayopungua kila neno: "Picha ya watoto. Nitoe mimi, sijapendeza. Geti lifungwe, tumia ile ya mwezi wa kwanza. Naihitaji leo hiihii."

"Alisema ni ya bango la chekechea," Fundi aliongeza. "Nikaona sawa, mwanamke hataki kuonekana anaongea na simu mbele ya bango. Habari ya mtoto niliisikia, nikasikia kapatikana, nikashukuru Mungu. Kundi la wazazi mimi simo. Sikujua picha yangu imekwenda kumtafuna mtu."

"Uliyopiga yenyewe iko wapi?"

"Kadi bado iko kwenye kamera. Mimi huwa sigusi kadi mpaka wiki iishe."

Walisaini wote wawili. Bahasha ikaingia kwenye mfuko wa nailoni, kadi ikaingia kwenye mwingine, saa ikaandikwa. Fundi alichapa nakala ya picha halisi, akaikausha kwa kuipepea, akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Na leo utaibadilisha hiyo namba?" Inspekta aliuliza mlangoni.

"Naibadilisha sasa hivi! Halafu nakuja na wewe kwenye kikao."

Saa tisa kamili wazazi walikuwa wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mlezi alisimama ukutani. Ufunguo haukuwepo tena shingoni, ulikuwa mezani mbele ya Madamu. Mama wa Kijiko alikaa mbele kabisa na mwanawe mapajani, na hakuwa amemtazama Mlezi hata mara moja.

"Afande ana neno fupi," alisema Madamu, "halafu tumalize."

Inspekta hakuhutubia. Alibandika ukutani picha ambayo kila mtu alikuwa nayo kwenye simu. Kando yake akabandika ile iliyotoka kwenye kadi. Kwenye ya pili geti lilikuwa wazi. Madamu alisimama pale katikati, simu sikioni, kitambaa chekundu cha madoa meupe kichwani, na kwenye kufuli lililoning'inia getini kulikuwa na ufunguo.

Viti vidogo vililia sakafuni. Wote waliinuka kusogea.

"Wa akiba umepatikana," alisema Inspekta.

Madamu alitazama picha, akatazama taarifa yake yenye sahihi mkononi mwa Inspekta, akatazama bahasha yenye mwandiko wake, na mwisho akamwona Fundi mlangoni. Akakaa chini. Kilichomtoka hakikuwa hotuba.

"Alikuja mtu wa kupima mapazia," alisema. "Nikamtoa. Simu ikaita. Nilikuwa narudi ndani, nikalisukuma geti kwa kisigino. Nilidhani limejifunga. Kisigino tu."

"Na mimi?" Mlezi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeuliza mtoto. "Miaka kumi na moja, Madamu. Na mimi?"

"Niliogopa mtawatoa watoto wote."

Baba mmoja aliyekaa nyuma akaanza kupaza sauti. Inspekta akainua kiganja.

"Ngoja kwanza, mzee. Jalada la Madamu ni kazi yangu, nitalifanya. Lakini hapa kuna watu thelathini na mmoja walioitazama picha hii jana. Ningeomba kila mmoja aiangalie tena, atafute kivuli cha kufuli, halafu kivuli cha mwanawe."

Simu zikawashwa. Vidole vikapanua picha. Mama mmoja akasema, "Yallah," akaufunika mdomo.

"Mnanisomea nini hapo?"

"Kimoja kushoto, kimoja kulia," alisema yule baba, sauti imeshuka.

"Fundi huyu kaifanya kwa nusu saa, na hakuwa na nia mbaya. Mwenye nia mbaya ataifanya vizuri zaidi, ataweka mia. Kesho itakuja picha ya dereva wa mwanao, au ya jirani, au yako wewe. Kabla hujaituma kwa mwingine, uliza iko wapi iliyopigwa yenyewe. Sasa naomba jambo moja. Mliowatumia ile ya jana, watumieni na hii. Walewale. Mmoja mmoja."

Chumba kizima kililia vilio vidogo vya ujumbe unaotoka.

Mama wa Kijiko hakushika simu. Alikuwa ameisogelea picha ya pili hadi pua inakaribia karatasi. Hakuwa anatazama geti wala Madamu. Alitazama kona ya kulia, chini, penye Mlezi aliyepiga magoti na kiatu kidogo mkononi.

"Hiki ni kiatu cha mwanangu," alisema.

"Kamba ilikuwa imefunguka," alijibu Mlezi.

"Fundi viatu aliniambia. Alisema, mama, huyu mtoto kavuka barabara bila kujikwaa, nani kamfungia kamba mara mbili hivi? Nikamwambia sijui." Akageuka, macho yamejaa. "Dada yangu, mimi niliituma picha ile kwa watu arobaini."

"Basi una kazi ya kutuma," alisema Mlezi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Kijiko aliteleza kutoka mikononi mwa mama yake, akaenda hadi ukutani, akamkabidhi Mlezi kijiko cha bluu amshikie, kisha akanyoosha mguu mmoja mbele. Kamba ilikuwa imefunguka tena. Mlezi akapiga magoti.

Inspekta alichukua ufunguo mezani, akachukua na ule wa akiba ambao Madamu aliutoa mkobani bila kuombwa. Wa akiba ulikwenda kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi. Ule mwingine aliurudisha shingoni kwa mwenyewe.

Walitoka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Inspekta, na Mlezi alimsindikiza hadi getini, akasubiri apite, akaanza kufunga.

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta kutoka upande wa nje.

Akapenyeza mkono kwenye nondo, akalishika kufuli, akalitikisa mara mbili. Limefunga. Jua la alasiri lilikuwa limeshazunguka, na kivuli cha kufuli kililala upande wa kulia, mahali pake.

"Haya," alisema, "sasa naweza kunywa chai."